Motere Iliyokataa Kuwa Sufuria

Fundi wa masufuria alikuja tena Jumatatu asubuhi. Aliinua turubai lililofunika motere, injini ya gari langu, bila kuniuliza, akagonga kichwa cha motere kwa kifundo cha kidole, kama mama anayepima nanasi sokoni, akasikiliza mlio wake. Kisha akamwambia dada yangu:

"Mama, hii ni aliminiamu ya zamani. Ya siku hizi ni karatasi. Hii hapa itapika fufu ya kartie muzima, mutaa yote."

"Shi nilikwambia uongee na mwenyewe," dada akamjibu kutoka jikoni.

"Mwenyewe ananiangalia mubaya."

Nilikuwa chali chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Nilimwambia kwamba kutoka huko siwezi kumwangalia mtu.

"Hata miguu yako inaniangalia mubaya, papa," alisema, akalirudisha turubai vizuri, taratibu, kama mtu anayefunika mali yake.

Dada yangu mkubwa, ambaye parsele, kiwanja na nyumba yake, ni mali yake, alikuwa ameamua kujenga depo ya makala, ghala la mkaa, pale gari langu liliposimama. Mbao alikuwa amekwisha kuziagiza. Sikuweza kumwita mkatili. Miaka yote niliyokuwa nikizunguka, yeye ndiye aliyelifunika gari mvua ikinyesha, akafukuza watoto waliocheza kwenye boneti, akawaeleza wageni kwamba mdogo wake atarudi kulichukua. Niliporudi kutoka Kalemie alinipa chai, akaniacha nimalize kikombe, ndipo akasema sharti lake.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi, kisha misa, utanipandisha mpaka Kibati kwa yule mama wa makala, na utanirudisha hapa. Gari isisukumwe. Ikienda na ikirudi, itabaki. Wakiisukuma, yule wa masufuria anaichukua."

"Wakiisukuma kidogo tu?"

"Mukono moya juu ya bati, mudogo wangu. Moya tu."

Nilikubali. Ningefanya nini? Na pia nilikubali kwa hasira, kwa sababu niliona usoni mwake kwamba hakudhani ningefika hata nusu ya njia.

Ni gari la Kijapani la milango miwili, pua ndefu, limelala chini kama paka anayevizia. Taa zake zimejificha ndani ya boneti na hufunuka ukibonyeza. Ya kushoto hufunuka mara moja, ya kulia hufikiri kwanza. Usukani uko kulia kwa sababu nililinunua Kampala, nikiwa kijana aliyemaliza sekondari na kuona kwamba diplome yake haitamfikisha popote miguu isipotangulia. Niliingia nalo Bunagana, nikateremka Rutshuru vioo vikiwa wazi, maharagwe yamechanua pande zote mbili za barabara, na wachuuzi wa kando ya njia wakaacha kuuza ili wanitazame. Sijawahi kuingia mahali popote namna ile tena. Baadaye nililiacha kwa dada, nikaishi Bujumbura, Kisangani, Lubumbashi. Katika kila mji nimeacha kitanda, redio, na watu ambao bado nawaota. Gari hili ndilo kitu pekee nilichokileta nyumbani.

Watu wa Goma wana swali moja kuhusu gari langu: ni ya nini? Minibus hubeba watu, pikipiki hubeba mtu na mbuzi wake, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, hubeba magunia. Gari la watu wawili, linalokwaruza tumbo kwenye kila jiwe la lava hata baada ya mimi kuinua springi zake kwa vipande vya mpira wa lori, linabeba nini? Linanibeba mimi. Sioni kwa nini nijieleze zaidi ya hapo. Mji huu umefunikwa na moto wa volkano, watu wakajenga tena juu ya jiwe lile lile lililowafunika, wala hakuna aliyewauliza nyumba ni ya nini. Siku hizi, kwa sababu ya vita, benki zimefungwa na kila mtu anauza alichonacho, na nimeambiwa, na watu wenye akili, kwamba kuhangaika na gari la starehe wakati kama huu ni dharau. Nimelifikiria neno hilo nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Wakati kama huu ndio hasa sitaki kuambiwa nibaki na vitu vya lazima peke yake.

Lakini gari lilikuwa gonjwa, na hasira haiponyi motere.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi liliwaka mara moja na kuimba. Ukiendesha hadi rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, lilianza kuwa zito, kama mtu aliyeshiba fufu akaambiwa akimbie. Moshi mweusi ulitoka nyuma, na harufu ya esansi, petroli yenyewe, ikajaa ndani. Mbele ya mlima wowote lilikohoa mpaka likazima. Nikifungua buji, zile zinazotoa cheche, nilizikuta nyeusi kama matako ya sufuria. Nilizisugua, zikang'aa, nikaondoka, na kabla sijafika mbali zilikuwa nyeusi tena.

Mekanisie wa kona yetu ni rafiki yangu tangu shuleni, na amekwisha kufungua motere nyingi kuliko madaftari tuliyofungua pamoja. Alikuja, akanusa moshi, akatoa hukumu.

"Karbiratere."

"Wiki iliyopita ulisema karbiratere kwa ile minibus, na ilikuwa waya."

"Waya ya karbiratere."

Nadhani hata tumbo likimuuma hufikiria karbiratere. Hata hivyo tuliifungua, maana ndiyo inayochanganya esansi na hewa, tukazipanga sehemu zake ndani ya beseni, tukazipuliza kwa mdomo tundu ndogo zinazopitisha esansi, tukazichokonoa kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Zilikuwa safi. Tukarudisha kila kitu. Moshi ulikuwa ule ule. Nikabadilisha buji, nikabadilisha waya zake, nikabadilisha chujio la hewa lililojaa vumbi jeusi la barabara zetu. Moshi haukujali.

Nikahamia kwenye deliko, ile kofia inayogawa cheche. Hapa kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, na katika hewa nyepesi moto huchelewa kukua. Cheche lazima itangulie kidogo. Gari lilikuwa bado limepangwa kwa mtu anayeishi chini, karibu na bahari. Nililegeza skrubu, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye motere na mpini wake kwenye sikio, nikaizungusha deliko kwa upana wa ukucha. Sauti ilibadilika. Ilikuwa ikisema kwa pua. Sasa ikasema kwa kifua. Nikaizungusha zaidi, ikaanza kugonga kama karanga zikikaangwa, nikarudi nyuma mpaka kugonga kukakoma. Hapo nikaifunga. Kuna watu wana mashine ya taa kwa kazi hiyo. Mimi nina sikio, na sikio langu halihitaji umeme.

"Sasa imepata hasira," mekanisie alikubali.

Nililipeleka kulijaribu njia ya kaskazini. Lilikwenda vizuri kuliko siku zote, na nikaanza kupiga filimbi. Mbele ya ukuta wa uwanja wa ndege njia inapoanza kuinuka, moshi mweusi ukarudi, likakohoa, likazima, na halikuwaka tena. Vijana wa pale walinisukuma mpaka nyumbani wakiimba wimbo wa harusi. Fundi wa masufuria alikuwa mlangoni, sijui nani alimwita. Alitupisha kwa heshima, akavua kofia.

"Ile haina kuhesabu," nilimwambia dada. "Si Jumapili."

"Sijasema kitu," dada akasema. Tulipokuwa tunakula akasema mbao zimepakiwa Butembo.

Jibu la ugonjwa lilitoka kwa kuku.

Dada ana kuku mmoja mwekundu ambaye, kwa muda wote ambao gari lilisimama, alizoea kutagia kwenye pua ya gari, katika nafasi iliyo mbele ya radiatere, ile inayopozea maji ya motere kwa upepo. Kila mara nilipoliondoa gari, kuku alizunguka parsele akilalamika, na kila niliporudi aliingia tena, motere ikiwa bado inatoa joto. Dada aliogopa nitamkaanga. Asubuhi moja alikunja katoni ya sabuni, akaisokomeza pale mbele kumzuia, akaenda sokoni bila kuniambia. Mimi nikawasha motere kama kawaida, nikaiacha ingurume, nikaenda kunawa uso.

Niliporudi nilisimama na taulo mkononi. Motere ilikuwa imeshuka sauti yenyewe. Ilikuwa imetulia, laini, na nyuma hakukuwa na moshi. Nilizunguka gari lote nikitafuta nilichofanya. Sikuwa nimefanya kitu. Nikafikiri ni esansi, labda safari hii bidoni, dumu la muuzaji, haikuchanganywa na maji. Ndipo nikaona katoni. Nikaichomoa. Motere ikaendelea vizuri kwa muda, kisha, polepole, sauti ikapanda tena, na uzi mweusi ukatoka nyuma. Nikairudisha katoni. Nikangoja. Uzi ukakatika.

Nikaichomoa tena, na uzi uliporudi nilifungua boneti, nikainama juu ya motere, nikashika mpira unaotoa maji kwenye motere kwenda kwenye radiatere. Gari lilikuwa limenguruma muda wote huo, na mpira ule niliweza kuushika kama ninavyoshika mkono wa mtoto. Mara zote tulikuwa tumeushika, mimi na mekanisie, na mara zote tulikuwa tumefurahi. "Unaona," alikuwa akisema, "haipati moto." Hapa kwetu hiyo ni sifa kubwa kabisa ambayo motere inaweza kupewa. Malori yanapanda kutoka Rutshuru yamejaa maharagwe mpaka juu ya kichwa, yanachemka kwenye kila kona, madereva wanakimbia na bidoni kutafuta maji. Kwa hiyo fundi wetu yeyote anapopewa motere kwa mara ya kwanza, kabla hajauliza ina ugonjwa gani, anafungua mahali maji yanapotokea na kuitoa termosta, kile kimlango cha shaba kinachozuia maji mpaka yawe moto, na kukitupa. Wanafanya hivyo kama mkunga anavyokata kitovu. Hakuna anayeuliza.

Kwa lori ni dawa. Kwa gari dogo, jepesi, katika asubuhi zetu za baridi, ni sumu. Motere yangu ilikuwa inaoga maji baridi siku nzima. Na karbiratere yake ina starta inayojiendesha yenyewe, kifuniko kidogo kinachobana hewa asubuhi ili esansi iwe nyingi, na kinachofunguliwa na joto la maji hayo hayo. Maji hayakupata joto, kifuniko hakikufunguka, na motere ikabanwa pumzi na kushindiliwa esansi kutwa nzima, katika mji ambao hewa yenyewe tayari ni chache.

Nilifungua mfuniko wa termosta. Ndani hakukuwa na kitu, ila duara la mkwaruzo mahali ilipokaa zamani.

Nikaenda kumwita mekanisie. Aliangalia tundu, akaniangalia mimi.

"Njo vile inapashwa kuwa."

"Ndiyo maana inakufa."

"Termosta ni kitu ya Wazungu. Kule kwao kuko theluji."

"Na hapa asubuhi unavaa makoti mawili."

"Mimi si motere," alisema. "Basi bakisha katoni. Katoni si imeponya?"

"Katoni itaichemsha mulimani. Haijui kufunguka."

Hakukubali, na mpaka leo hajakubali. Ananiambia kwamba ni deliko iliyoponya gari, na kwamba nisingemsikiliza kuku ningemaliza mapema zaidi.

Madukani walinicheka. Nani aweke termosta ya kuuza katika mji ambao kila mtu anazitupa? Lakini nikiwa narudi nikajiuliza zinatupwa wapi. Katika Goma hakuna kitu cha chuma kinachotupwa kikabaki chini. Kuna mtu anakiokota. Na nilimfahamu mtu huyo.

Karakana ya fundi wa masufuria iko upande wa Lac Vert, kwenye njia ya Sake, chini ya mabati manne meusi. Alikuwa akimimina aliminiamu ndani ya mchanga, na vichwa vya motere vilivyosubiri zamu yao vilikuwa vimepangwa ukutani. Sikuvitazama sana. Aliponiona aliweka chini koleo.

"Umekuya kuniletea?"

"Nimekuya kutafuta kitu ndani ya magunia yako."

"Kitu gani?"

Nilimwambia ukweli. Ningeweza kumdanganya, lakini sikutaka kumshinda hivyo. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia, akaniburuzia gunia la shaba, lile analowauzia watu wa shaba kwa sababu haliingii kwenye masufuria yake.

"Tafuta, papa. Tafuta muzuri. Unamupamba bibi-harusi wangu."

Nilipekua gunia lote nikiwa nimepiga magoti. Kulikuwa na termosta za malori, pana kama kisosi cha chai, na nyingine zilizopasuka. Niliondoka na chache zilizokaribia kipimo. Hakutaka nimpe chochote.

"Itarudi kwangu tu," alisema. "Pamoja na nyumba yake."

Nyumbani nilizitumbukiza ndani ya maji kwenye mbabula, jiko la makala, katika sufuria ya dada, nikachuchumaa kuziangalia. Dada alitoka ndani.

"Unapika nini mu sufuria yangu?"

"Termosta."

"Inakulwa na nini?"

"Na fufu."

Alisimama nyuma yangu. Maji yalianza kutikisika. Termosta moja haikusogea; imekufa. Ya pili ilifunguka maji yakiwa bado vuguvugu, ina wazimu. Ya tatu ilikaa kimya, ikakaa, na maji yalipokaribia kuchemka ikafumbua jicho lake polepole, wazi kabisa. Nikaitoa kwa uma, nikaiweka juu ya jiwe. Ikafumba.

"Rudisha tena," dada akasema.

Nikairudisha. Ikafumbua. Alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, karibu sana na mvuke.

"Hakuna batri ndani?"

"Hakuna. Ni nta tu. Ikipata moto inavimba, inasukuma mulango."

"Na ile mijinga ilikuwa inazitupa," alisema, akaingia ndani. Aliporudi alikumbuka kunigombeza kuhusu sufuria.

Ilikuwa pana kidogo kuliko nyumba yake. Niliipunguza kingo kwa tupa, taratibu, nikaipima, nikaipunguza tena, mpaka ikaketi. Nikaifunga kwa gasketi niliyokata kwenye bahasha nzito. Nikawasha. Mshale wa joto, ambao tangu nirudi haukuwahi kuondoka chini, ulipanda mpaka katikati, ukasimama hapo. Motere ikashusha sauti yake. Nikachukua bisibisi, nikarudi kwenye karbiratere nikiwa sasa na mgonjwa anayepumua, nikafunga skrubu ya esansi mpaka mlio ukalegea, nikaifungua mpaka ukakaza, nikaitafuta ile sehemu ya katikati ambapo sikio linaacha kuuliza. Niliipata. Nilikaa pale nikiisikiliza mpaka chai ikapoa.

Jumapili dada alitoka misani na kitenge chake cha sikukuu na kitambaa kirefu kichwani. Ilibidi akunje shingo ili kitambaa kiingie.

"Hii kiti ni ya mutu anaoga mu beseni," alisema magoti yake yakiwa yamefika kifuani.

Majirani walikuwa wametoka. Mekanisie alikuwepo, na fundi wa masufuria pia, ameketi juu ya chukudu aliyokuja nayo, tayari kubeba motere. Nilipita katikati yao bila kupiga honi.

Tulipita rond-point. Tulipita ukuta wa uwanja wa ndege, mahali waliponiimbia wimbo wa harusi, na wawili kati ya waimbaji walikuwa pale wakaanza kusimama, mikono tayari. Njia iliinuka. Nilibadilisha vitesi, gia yake, nikakanyaga, na gari likachukua mlima kama lililokuwa likiudai mlima huo kwa miaka. Kioo cha nyuma kilikuwa safi. Hakukuwa na kitu nyuma yetu isipokuwa vumbi na wale wawili wakikaa tena chini. Kulia na kushoto lava nyeusi, vibanda vya mbao, mihogo inayoota mahali ambapo huoni udongo. Nyiragongo ilikuwa imevaa wingu lake. Dada alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili. Nilingoja aniambie nipunguze.

"Njo mwendo yake hii?" aliuliza.

"Kuna nyingine."

"Sasa unaichungia nani?"

Nikaongeza.

Kibati, mama wa makala anakaa juu kidogo ya barabara. Nililiacha gari ukingoni, pua ikitazama juu, nyuma ya lori lililoegeshwa, kwa sababu nafasi ilikuwa hiyo tu. Walizungumza makala, wakazungumza mvua, wakazungumza mtoto wa mtu fulani aliyeolewa vibaya. Tuliporudi niligeuza ufunguo, na motere haikuwaka.

Nilijua mara moja ni nini, na nilitaka kucheka na kulia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka motere ilikuwa na joto lake halisi, na joto hilo, likiwa limesimama bila upepo, lilichemsha esansi ndani ya karbiratere. Dawa yangu ndiyo iliyonifunga. Ingepoa, ingewaka. Lakini batri ilikuwa ya zamani, na nilipojaribu tena demareri, ile inayoizungusha motere iwake, ilizunguka kivivu, ikaguna, ikanyamaza. Hata ipoe, hakukuwa na cha kuizungusha.

Watu wakaanza kukusanyika. Watu wa Kibati hawana haraka Jumapili.

"Papa, hii inaendaga?" mmoja akauliza.

"Inaendaga kanisani tu," akajibu mwingine.

"Tusukume, papa. Tuko wengi."

Wakaja, wenye nia njema kabisa, wakizunguka nyuma, viganja wazi. Ndipo niliposikia kioo cha upande wa dada kikishuka. Alitoa kichwa nje, kitambaa chote.

"Mutu asiguse hii gari."

"Mama, tunasaidia tu."

"Nimesema asiguse. Mwenye ataweka mukono, nitaenda kuuliza kwao alizaliwa wapi." Kisha akaongeza kitu kwa Kinande, lugha anayoitumia akitaka neno liingie mpaka mfupani, na wazee wawili waliokuwepo wakawavuta vijana mashati.

Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa.

"Fanya kitu."

Mbele kulikuwa na lori. Nyuma kulikuwa na mteremko wote wa kurudi Goma. Nilimwambia kwamba tutawasha kwa kurudi nyuma, kwa vitesi ya nyuma, na kwamba kioo cha nyuma cha gari hili ni kidogo kama dirisha la kitubio, sioni kitu.

Alivua kitambaa, akakiweka mapajani, akageuka mzima na kupiga magoti juu ya kiti, uso kwa nyuma, mikono imekumbatia kichwa cha kiti.

"Kuya," alisema, kama anayemwita mtu aje.

Niliachia breki ya mkono. Kwa kitambo halikusogea, kisha jiwe dogo likalia chini ya gurudumu na tukaanza kurudi.

"Kuya. Kuya. Kushoto kidogo. Kushoto yako, si yangu. Kuya. Kuko mbuzi. Mbuzi ametoka. Kuya."

Watu walitembea pembeni yetu, mikono nyuma ya migongo, kama watu wanaosindikiza jeneza la mtu mkubwa. Nilingoja mwendo ukue. Ukiachia embreyaji, klachi yenyewe, mapema, magurudumu yanakwama na umekwisha. Dada alikuwa akisema kuya, kuya, kwa sauti ile aliyonifundishia kutembea, nadhani, ingawa siwezi kukumbuka. Nikakanyaga akseleta mpaka chini ili hewa iingie, nikaachia embreyaji.

Gari lilipiga kwikwi moja iliyomrusha dada kwenye paa. Kisha motere ikanguruma, ikatema moshi wa kahawia, ikasafisha koo, ikaimba. Watu wa Kibati walipiga makofi. Dada hakuwapungia mkono. Aliketi vizuri, akafunga kitambaa chake akijitazama kwenye kioo cha pembeni, akasema twende, nyama iko motoni.

Nyumbani, fundi wa masufuria alisimama alipotuona. Alizunguka gari, akainama, akatazama nyuma yake, kwenye vumbi, akitafuta alama za viganja. Alikuwa mtu wa kazi, na alijua pa kutazama.

"Ilisukumwa, mama?"

"Angalia vumbi."

"Nimeangalia."

"Basi?"

Akakuna shingo. "Na ile termosta ni yangu," akasema.

"Kunywa chai kwanza," dada akamwambia, "kisha utasukuma chukudu yako."

Mbao zilifika wiki hiyo kutoka Butembo. Seremala aliuliza depo ianzie wapi, na dada, bila kunitazama, alivuta mstari kwa kisigino kwenye changarawe nyeusi, akipita kando ya gari, karibu sana, akiacha nafasi ya mlango wa dereva kufunguka. Depo ikatoka nyembamba kama ushoroba. Magunia yanasimama moja nyuma ya jingine, na wateja wanene wanaingia kwa ubavu. Wanalalamika. Wanamwuliza kwa nini hakujenga mpaka ukutani, na nafasi ile yote ni ya nini.

"Pale kuna gari," anawajibu, na anaendelea kupima makala.